Siku ya ferie Kasongo na Kabambare: nani analipwa, nani anabaki bila kitu?

Tarehe 30 mwezi wa 6, watu wa Kasongo wanaamka mapema. Wanafunzi wanavaa sare, walimu wanawapanga kwa mistari, wakubwa wa Leta wanakaa chini ya hema kuangalia defile. Maduka mengi yanafungua mlango nusu, mengine hayafungui kabisa.

Chukua mfano wa depo moja ya mchele. Watu wawili wanafanya kazi humo mwaka mzima. Mmoja anaandika mizigo kwenye kitabu na anapokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Mwingine anabeba magunia na anapokea franka zake kila jioni. Kabla ya siku ya uhuru, wote wawili wanaambiwa neno moja: «Kesho hakuna kazi, ni ferie.» Wa kwanza anafurahi, atapumzika na mshahara wake hautapungua. Wa pili anauliza: «Na franka ya kesho je?» Mara nyingi anajibiwa kwa kicheko tu.

Lakini swali lake ni la haki. Sheria ya Kongo ina jibu, na jibu hilo halijulikani sana, si kwa wafanyakazi wala kwa wenye kazi. Kwa mtu wa kazi ya siku, yule anayeitwa jurnalie, mwezi wa 1 njo mgumu kuliko yote: ferie nne ndani ya siku 17 za kwanza, na hapo familia imetoka tu kula Noeli na Bonane.

Ferie ni siku gani?

Nchini Kongo, siku za ferie hazipangwi na kila mwenye kazi jinsi anavyotaka. Zinawekwa na ordonansi ya Rais wa Jamhuri. Ordonansi ya mwezi wa 5 mwaka 2014 iliweka siku tisa:

- tarehe 1 mwezi wa 1, mwaka mpya;
- tarehe 4 mwezi wa 1, ukumbusho wa wafia uhuru, kwa sababu ya watu waliouawa Léopoldville mwaka 1959;
- tarehe 16 mwezi wa 1, ukumbusho wa Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa mwaka 2001;
- tarehe 17 mwezi wa 1, ukumbusho wa Patrice Emery Lumumba, aliyeuawa mwaka 1961;
- tarehe 1 mwezi wa 5, sikukuu ya kazi;
- tarehe 17 mwezi wa 5, ukumbusho wa siku ambayo AFDL iliingia Kinshasa mwaka 1997;
- tarehe 30 mwezi wa 6, uhuru;
- tarehe 1 mwezi wa 8, sikukuu ya wazazi, ambapo asubuhi watu wanasafisha makaburi na mchana wanakaa na wazazi walio hai;
- tarehe 25 mwezi wa 12, Noeli.

Mwaka 2023 iliongezwa siku ya kumi: tarehe 6 mwezi wa 4, ukumbusho wa Simon Kimbangu, aliyeanza utume wake kule Nkamba tarehe hiyo mwaka 1921.

Hapa kuna jambo linalochanganya watu wengi. Si kila siku inayosherehekewa ni ferie. Tarehe 8 mwezi wa 3, wamama wanavaa pagne za aina moja na wanatembea barabarani. Tarehe 30 mwezi wa 4, walimu wanasherehekea siku ya elimu. Siku hizo mbili zina heshima yao, lakini haziko kwenye orodha ya ferie. Mwenye kazi anaweza kuwaachilia watu wake waende kwenye defile, na wengi wanafanya hivyo, ila hapo ni makubaliano. Mfanyakazi anayebaki nyumbani siku hizo bila kuomba ruhusa anaweza kuandikiwa kwamba hakufika kazini.

Ferie ikianguka siku ya Mungu

Jambo la pili linaleta ugomvi karibu kila mwaka. Ferie ikikutana na Jumapili, mapumziko yanachukuliwa siku ya kazi iliyo mbele yake, yaani mara nyingi Jumamosi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022: tarehe 1 mwezi wa 5 iliangukia Jumapili, na Jumamosi tarehe 30 mwezi wa 4 ikatangazwa kuwa siku ya kupumzika na kulipwa.

Tofauti na nchi nyingine, ambako watu wanapumzika Jumatatu inayofuata, Kongo inarudi nyuma. Anayesubiri Jumatatu anakuwa amekwisha kupoteza siku yake.

Kila mara wizara ya kazi inatoa kominike, na ndani yake kuna maneno ambayo wasikilizaji wa radio wanayajua kwa Kifaransa: «chômée et payée», siku isiyo ya kazi lakini yenye malipo. Shida ni kwamba kominike hiyo inatoka Kinshasa siku moja au mbili tu kabla. Kabla haijafika Kasongo, halafu Kabambare, halafu kwenye vijiji vilivyo mbali na mtandao wa simu, siku yenyewe imekwisha kupita. Kwa hiyo ni vizuri kuchukua kalenda mwanzoni mwa mwaka na kuzungusha tarehe zote kumi. Zile zinazoanguka Jumapili zinaonekana palepale, bila kusubiri tangazo.

Mwenye mshahara wa mwezi

Kwa mtu mwenye kontra na mshahara wa mwezi, hesabu ni nyepesi. Siku ya ferie hakuna kazi, na mshahara haukatwi. Mwenye kazi hana ruhusa ya kumwambia alipe siku hiyo kwa kufanya kazi bure siku nyingine, wala kuitoa kwenye siku zake za konje.

Lakini kuna kazi ambazo haziwezi kusimama. Mgonjwa hangoji tarehe 2 mwezi wa 1 ili apone. Mlinzi hawezi kuacha depo wazi kwa sababu ni siku ya uhuru. Famasi, jenereta, pampu ya maji, vyote vinahitaji mtu. Kwa watu hao, Sheria ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema kwamba saa zinazofanywa siku ya ferie au siku ya mapumziko ya juma zinaongezewa asilimia 100. Kwa maneno mengine, saa moja inalipwa kama mbili.

Tuseme mtu analipwa franka 1 500 kwa saa. Siku ya kawaida, saa nane zinampa franka 12 000. Akiitwa kazini tarehe 25 mwezi wa 12 na kufanya saa hizo hizo nane, anastahili franka 24 000.

Hiyo isichanganywe na saa za nyongeza za siku za kawaida. Sheria inaweka saa 45 za kazi kwa juma. Zikizidi, saa sita za kwanza zinaongezewa asilimia 30, zinazofuata asilimia 60. Kwa mtu wetu wa franka 1 500, hiyo ni franka 1 950, kisha franka 2 400. Mwenye kazi anayelipa ferie kwa nyongeza ya asilimia 30, akisema «nimekuongezea», bado hajamaliza deni.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ina kanuni inayofanana. Sheria yake ya ajira ya mwaka 2004 inaamuru kwamba anayefanya kazi siku ya sikukuu ya taifa alipwe mara mbili kwa kila saa. Basi malipo hayo si zawadi ya patro mwenye roho nzuri, na si ajabu ya Kongo peke yake.

Kila anapolipwa, mfanyakazi ana haki ya kupewa karatasi inayoonyesha jinsi mshahara wake ulivyohesabiwa. Kwenye karatasi hiyo njo inaonekana kama saa za ferie zimeandikwa au zimemezwa. Kwa maduka madogo ya Kasongo karatasi hiyo mara nyingi haipo. Hata daftari la kawaida lenye tarehe, saa, kiasi na sahihi za pande mbili linasaidia kuliko maneno matupu.

Jurnalie na siku ya 22

Turudi kwa mbeba magunia. Kwa sheria, kazi ya siku kwa siku inaanza asubuhi na kuisha jioni. Kesho yake hakuna kontra mpaka aitwe tena. Ndiyo sababu mwenye depo anaona kwamba siku ya ferie hadaiwi kitu.

Lakini sheria haikuacha mlango huo wazi milele. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi kinasema hivi kwa ufupi: mtu wa kazi ya siku akiwa amefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, kontra yake mpya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Haihitaji kuandikwa «jurnalie» wala «wa kudumu». Inakuwa hivyo kwa nguvu ya sheria yenyewe.

Siku 22 ndani ya miezi miwili si nyingi. Ni kama siku tatu kwa juma. Mtu anayebeba magunia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anazifikia karibu na juma la nane. Anayefanya siku sita kwa juma anazifikia kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Akishavuka hapo na kuendelea kuitwa, yeye ni mfanyakazi kama yule anayeandika kitabu: ferie yake inalipwa, konje yake inaanza kuhesabika, na hawezi kufukuzwa kwa kuambiwa tu «usije tena».

Kwa hiyo swali la «franka ya kesho je?» lina majibu mawili. Kama ni siku yake ya tano katika depo hiyo, kisheria hana cha kudai kwa siku ambayo hakufanya kazi. Kama ni mwezi wake wa sita na anaitwa karibu kila siku, anadai haki yake.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Mwenye depo anaweza kusema: «Huyu nilimwita mara mbili tatu tu.» Sheria inamruhusu mfanyakazi kuonyesha kwa njia yoyote kwamba kontra ilikuwepo, hata kama haikuandikwa: mashahidi, daftari, ujumbe wa simu, karatasi za kupokelea mizigo. Jurnalie anayejua kuandika anunue daftari ndogo, aweke tarehe kila jioni, mahali, kazi na kiasi alichopewa. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wake wa shule. Daftari hiyo haigharimu kitu kikubwa, na mbele ya inspekta wa kazi ina uzito.

Kwenye mashimo ya dhahabu

Kabambare ina sura yake. Kule Salamabila na Namoya, watu wengi wanaishi kwa dhahabu, na mashimo hayajui kalenda ya Kinshasa. Hapo lazima kutofautisha watu wa aina mbili.

Mchimbaji anayegawana mchanga na wenzake, ambaye anapata kitu shimo likitoa na hapati kitu shimo likikataa, hana mshahara. Kwa hiyo hana mtu wa kumdai malipo ya ferie. Akipumzika tarehe 17 mwezi wa 1, anapumzika kwa hasara yake mwenyewe. Kwa watu kama hao, mpango wa ferie ni mpango wa kikundi: kukubaliana mapema siku gani kazi inasimama na kiasi gani kinawekwa pembeni kwa ajili ya chakula cha siku hizo.

Lakini kando ya mashimo kuna wengine: anayelipwa kwa siku kupiga mawe, anayelinda mashine, anayepika kwa ajili ya timu, anayebeba maji kwa bei iliyokubaliwa. Huyo anafanya kazi chini ya amri ya mtu mwingine na analipwa kwa kazi hiyo. Hesabu ya siku 22 inamhusu, hata kama hajawahi kuona karatasi yoyote.

Vilevile kwa mtumishi wa nyumbani, yule msichana anayefua, anapika na kulea watoto wa watu. Kulala katika nyumba ya mwenye kazi hakumwondolei haki ya kupumzika siku ya ferie wala ya kulipwa.

Askari, polisi na wafanyakazi wa Leta waliosajiliwa wako chini ya sheria zao nyingine. Mwalimu au infirmie wa Leta asitafute majibu yake katika Sheria ya Kazi. Kinyume chake, mwalimu anayelipwa na shule ya binafsi, au infirmie wa kliniki ya mtu, iko ndani yake moja kwa moja.

Idd haimo kwenye orodha

Msomaji wa Kasongo anayehesabu zile siku kumi ataona mara moja kinachokosekana. Uislamu uliingia Maniema ya kusini katika karne ya 19, kwa njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka ziwa, ikapita Kabambare mpaka Kasongo na Nyangwe. Mpaka leo Kasongo ni moja ya miji ya Kongo yenye Waislamu wengi. Asubuhi ya Idd, mji unabadilika: kanzu, manukato, watoto wenye nguo mpya, watu kuelekea uwanja wa sala. Lakini wala Idd el-Fitr wala Idd el-Adha haimo kwenye orodha ya ferie ya taifa. Majirani wote wa mashariki wanayo kwenye zao: Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda.

Matokeo yake yanaonekana kazini. Mwislamu anayekosa kazi siku ya Idd bila ruhusa anaweza kuhesabiwa kuwa mtoro, hata kama nusu ya mji imefunga. Sheria inamlinda kwa upande mmoja: dini haiwezi kuwa sababu ya kumfukuza mtu kazi. Lakini ulinzi huo hauifanyi siku ya Idd kuwa siku ya kulipwa.

Zipo njia tatu ambazo watu wanaweza kuzitumia.

Ya kwanza ni konje ya mwaka. Mfanyakazi mwenye zaidi ya miaka 18 anapata angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili aliofanya, yaani siku 12 kwa mwaka, na siku moja zaidi kwa kila miaka mitano ya utumishi. Haki ya kuichukua inafunguka baada ya mwaka mmoja. Kwa makubaliano na mwenye kazi, siku mbili za hizo zinaweza kuwekwa kwa ajili ya Idd mbili. Analipwa, ila konje yake inapungua.

Ya pili ni makubaliano ya nyumba: mwenye kazi mwenyewe, au pamoja na delege wa sindika, anaandika kwenye kanuni ya kazi kwamba Idd ni siku ya mapumziko yenye malipo kwa wote au kwa wanaoomba. Sheria inaweka kiwango cha chini tu. Hakuna kinachomzuia patro kutoa zaidi.

Ya tatu ni kubadilishana zamu, nayo inaeleweka kirahisi mahali ambapo Wakristo na Waislamu wanakaa pamoja. Mwislamu anashika zamu ya Noeli, Mkristo anashika ya Idd. Ni jambo zuri la ujirani, lakini lina hesabu ambayo wengi hawaioni. Noeli ni ferie, kwa hiyo Mwislamu aliyefanya zamu hiyo anastahili malipo mara mbili. Idd si ferie, kwa hiyo Mkristo aliyemshikia zamu analipwa siku ya kawaida. Wasipoongea mapema, mmoja atasema mwenzake amemla. Na mwenye kazi asiyependa kulipa atawaambia wote wawili: «Mmebadilishana, hakuna deni.» Si kweli. Saa za Noeli zinabaki saa za ferie, hata kama aliyezifanya alikubali kwa moyo wake.

Ugumu mwingine ni mwezi. Idd inatangulia kwa siku kama 11 kila mwaka, na tarehe ya mwisho inajulikana usiku wa kuamkia. Ndiyo maana ombi liandikwe mapema, likitaja siku mbili: «tarehe hii, au inayofuata, kadiri mwezi utakavyoonekana.»

Matanga na ndoa ni jambo lingine

Watu wengi wanachanganya ferie na ruhusa za matukio ya familia. Sheria inatoa siku zenye malipo kwa matukio hayo: siku mbili kwa ndoa ya mfanyakazi mwenyewe, mbili mke wake akijifungua, nne akifiwa na mume, mke, mzazi au mtoto, mbili kwa ndugu wa ngazi ya pili kama vile kaka, dada, babu au nyanya, na moja mtoto wake akioa au kuolewa. Siku hizo zinachukuliwa wakati tukio linapotokea, haziwekwi akiba. Mwenye kazi halazimiki kulipa zaidi ya siku 15 za namna hiyo kwa mwaka. Idd na Pasaka hazimo humo pia.

Upande wa mwenye kazi

Si kila asiyelipa ferie ni mtu mbaya. Mwenye duka mwenye watu watatu, ambaye barabara ya Kindu imemfungia mizigo yake kwenye matope kwa majuma mawili, anaona ferie nne za mwezi wa 1 kama shimo kwenye mfuko. Lakini shimo hilo linajulikana tarehe zake, na ndiyo faida yake.

Kwa mfanyakazi wa franka 12 000 kwa siku, ferie kumi ni franka 120 000 kwa mwaka. Zikigawanywa kwa miezi 12, ni franka 10 000 kila mwezi. Mwenye duka anayeweka kiasi hicho kando tangu mwezi wa 2 anafika mwezi wa 1 wa mwaka unaofuata akiwa tayari. Asiyeweka anaanza kutafuta sababu za kutolipa.

Mpango mzuri wa mwaka una mambo manne: tarehe kumi zimeandikwa na kubandikwa ukutani, majina ya watakaofanya zamu kila ferie yanajulikana angalau juma moja kabla, mshahara unaotakiwa kulipwa wakati wa ferie unatolewa kabla ya sikukuu, kwa sababu franka zinazotoka Kindu zinaweza kuchelewa njiani, na maombi ya Idd yanapokelewa kwa maandishi.

Malipo yasipotoka

Mfanyakazi aanze kwa kuongea na mwenye kazi, kwa heshima, akiwa na daftari mkononi. Kama kuna delege wa sindika, apitie kwake. Likishindikana, aandike barua ya kudai, abaki na kopi yenye sahihi ya aliyeipokea.

Hatua inayofuata ni inspekta wa kazi. Sheria hairuhusu kesi ya mtu binafsi kuingia mahakamani kabla ya kupita mbele ya inspekta kwa ajili ya kupatanishwa. Mapatano yakipatikana yanaandikwa. Yakishindikana, karatasi ya inspekta inafungua mlango wa mahakama.

Kwa mtu wa Salamabila, safari ya kutafuta ofisi kwa ajili ya franka za siku moja inaweza kula franka nyingi kuliko deni lenyewe, tena kwenye njia ambazo usalama wake haujatulia. Ndiyo sababu wafanyakazi wenye dai moja wanafaa kuungana, wamtume mmoja na madaftari ya wote.

Na wasichelewe. Dai la mshahara linakufa baada ya mwaka mmoja tangu siku lilipotakiwa kulipwa. Ferie ya tarehe 30 mwezi wa 6 ambayo haikulipwa inabaki deni mpaka mwaka unaofuata. Baada ya hapo, hata mwenye haki kamili anaweza kuambiwa amechelewa.

Kwa mbeba magunia wa Kasongo, basi, kazi inaanza kabla ya sikukuu. Ahesabu siku zake za miezi miwili iliyopita. Zikifika 22 na bado anaitwa, amwone mwenye depo juma moja kabla ya ferie, si jioni ya kuamkia. Mwenye depo naye afungue kitabu chake na kuhesabu pamoja naye.